Moto Uliogandisha Maji: Safari ya Friji Bila Umeme Njombe na Makambako

Ingia dukani mjini Njombe asubuhi ya mwezi Juni, uombe soda. Muuzaji atakuuliza swali lile lile la Tanzania nzima: "Ya moto au ya baridi?" Ya moto maana yake haijaingia kwenye friji. Dar es Salaam anayejibu "ya moto" huenda ana mafua. Njombe wanaojibu hivyo ni wengi, kwa sababu hiyo inayoitwa ya moto imelala rafuni usiku ambao kipimajoto kilishuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete mashamba yameamka meupe kwa sakitu.

Mgeni akitazama hali hiyo hujiuliza nchi hii ina haja gani na friji. Ukweli ni kwamba friji iliingia katika vilima hivi kabla ya nyaya za umeme, na haikuja kwa ajili ya soda. Ilikuja ikiwa na tangi la mafuta ya taa miguuni, tambi na dohani mgongoni, ikawaka moto usiku na mchana ili ndani yake maji yagande.

Leo msafiri anapiga kambi katika hifadhi ya Kitulo na kijisanduku cha volti 12 nyuma ya gari, na dereva wa lori la Zambia anakunywa maji baridi pembeni mwa barabara Makambako bila kumwomba mtu umeme. Wote wawili wamerithi ujuzi uliopatikana kwa taabu kwenye zahanati.

Mtungi na mbeta

Kabla ya friji, watu wa nyanda hizi walijua kwamba kitu kinachoharibika huokolewa kwa kuwahiwa. Mfano mzuri ni ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua. Mgemaji hukata ncha ya mwanzi mchanga, huitega mbeta, yaani kopo la mwanzi, na asubuhi hukuta kinywaji kitamu ambacho hata mtoto anaweza kukionja. Huo ndio mtogwa. Ukiuacha, chachu huendelea na kazi yake hadi uwe mkangafu, nao huo hauna utani. Hakukuwa na namna ya kuuzuia usichachuke. Aliyeutaka mtamu aliamka mapema.

Maji yalikuwa na mtungi. Udongo uliochomwa huvujisha unyevu kidogo kidogo hadi nje, unyevu ule hukauka, na ukikauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ni jambo lile lile linalomfanya mtu aliyeloa jasho asikie baridi upepo ukimpiga. Msomaji alishike hili la mtungi, kwa sababu friji ya mafuta ya taa ni mtungi uliosomeshwa shule.

Vijana wawili wa Stockholm

Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Chuo cha Kifalme cha Teknolojia mjini Stockholm, Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walitengeneza friji isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Kugandisha kwa nguvu ya moto hakukuwa jambo geni. Mfaransa Ferdinand Carré alishatengeneza mashine ya amonia na maji karibu na mwaka 1859. Ila mashine zile zilikuwa kubwa, na zilihitaji pampu. Vijana wa Stockholm waliondoa pampu kwa kuongeza gesi ya tatu, haidrojeni. Mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ilinunua ugunduzi huo na kuanza kuusambaza duniani.

Utendaji wake ni huu. Chini kuna mwali wa moto unaochemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hutoka kwanza ikiwa mvuke, hupanda bombani hadi mgongoni mwa friji, hupoa kwa hewa ya chumba na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hushuka kwenye mabomba ya chumba cha chakula, ambako haidrojeni inakisubiri. Hapo amonia hukauka upesi, kama unyevu wa mtungi, na kuvuta joto la vyote vilivyomo. Kisha maji huinywa tena amonia ile na kuirudisha kwenye moto. Mzunguko huo hauna mota, hauna mlio, na mabomba yake yamezibwa moja kwa moja kiwandani.

Kifaa kama hicho kilikuwa kama kimetengenezwa kwa ajili ya Tanganyika. Misheni, mashamba ya walowezi na hospitali za mashambani zilikuwa mbali na umeme, lakini mafuta ya taa yalifika kila mahali kwa debe. Kusini huku Wamisheni wa Berlin walishafika tangu karne ya 19, wakaacha vituo kama Kidugala na Yakobi. Baadaye Walutheri wa Sweden nao walifanya kazi katika nyanda hizi, na hospitali ya Ilembula, upande wa magharibi wa barabara ya Makambako kwenda Njombe, ikawa kimbilio la wagonjwa wa vijiji vingi. Mahali pa namna hiyo palijitegemea kwa maji, mbao, matofali na nuru. Baridi nayo ilibidi ijitegemee.

Chanjo haijali unavyosikia baridi

Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo, na mwaka uliofuata Tanzania ikauanza wa kwake. Hapo ndipo friji ya mafuta ya taa ilipoacha kuwa kifaa cha nyumba ya padri au bwana shamba, ikawa mali ya taifa. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapoingia mkononi au pajani mwa mtoto. Wahudumu wa afya huuita utaratibu huo mnyororo baridi. Kiungo kimoja kikikatika, mama amebeba mtoto kilomita nyingi kwenda kuchomwa maji matupu.

Hapa ndipo baridi ya Njombe inapodanganya. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Pwani akifika hutafuta sweta kabla ya chakula. Lakini mchana wa kawaida chumbani kuna nyuzi 18, 20 au zaidi. Kwa binadamu hiyo ni baridi, kwa chanjo ya surua au ya polio ni joto. Usiku wa Juni shida hugeuka. Chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini aina ya B haziogopi joto sana kama zinavyoogopa kuganda. Zikiganda mara moja, hata zikiyeyuka tena, nguvu imekwisha. Ndiyo maana wauguzi walifundishwa kutikisa chupa na kuitazama. Iliyowahi kuganda hutengeneza chembechembe zinazozama chini haraka.

Friji ya mafuta ilikuwa dhaifu hapo hapo. Mwali wa tambi hauna akili ya kujua kwamba usiku umeingia. Mchana friji ilijikokota kushuka, usiku ikashuka mno. Muuguzi ndiye aliyekuwa kidhibiti joto: anapunguza mwali jioni, anaupandisha asubuhi, anaandika nyuzi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mara mbili kwa siku, pamoja na Jumapili na Krismasi.

Kazi zake hazikuishia hapo. Tambi ilipaswa kukatwa sawasawa ili mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano ulitoa masizi, masizi yakaziba dohani, joto likapungua, friji ikaacha kugandisha huku moto ukiendelea kula mafuta. Katika mwinuko huu hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani, kwa hiyo mwali ulikuwa mwepesi zaidi wa kuharibika. Friji nayo ilipaswa kusimama wima kabisa, kwa sababu amonia na maji hutembea kwa uzito wao wenyewe. Sakafu ikiinama kidogo, mzunguko unakwama. Katika nchi ya vilima kama hii, kuweka vipande vya ubao chini ya miguu ya friji ilikuwa sehemu ya uuguzi.

Halafu kulikuwa na mafuta yenyewe. Friji moja ilikula lita moja hivi kwa siku, yaani takribani lita 30 kwa mwezi, katika kijiji ambacho mafuta ya taa ndiyo yaliyowasha koroboi za kila nyumba. Kopo la mafuta ya friji ya serikali lilikuwa kishawishi kikubwa. Na mafuta ya taa yaliwavutia wengine pia. Neno uchakachuaji, ambalo Watanzania sasa wanalitumia hata kwa kura, lilipata umaarufu kutokana na mafuta: mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja wakayachanganya na dizeli. Katika bajeti ya mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Wachakachuaji walibanwa, na mwenye koroboi na mwenye friji ya tambi wakabanwa pamoja nao.

Maji, miwati na waya

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wa Njombe walikaa wakisubiri gridi. Nchi hii ina mito inayoshuka kwa kasi, na wengi waliiona kama umeme uliolala. Wabenediktini wa Uwemba walitumia nguvu ya maji kwenye misheni yao, na mwaka 1991 Tanesco ikawa na kituo chake hapo Uwemba chenye uwezo wa kilowati 843. Kule Matembwe, shirika la Kiitaliano la CEFA lilishirikiana na wanakijiji kujenga mtambo mdogo wa maji. Kampuni ya miwati ya Tanwat, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilikuja kufunga mtambo wa mvuke wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya miti.

Umeme wa namna hiyo ulizigusa friji chache za karibu, na palipokuwa na friji ya uhakika mambo yalibadilika. Maziwa ndiyo ushahidi. Njombe ina nyasi na ng'ombe wa maziwa, na mji una kiwanda cha maziwa kilichotokana na ushirika wa wafugaji na msaada kutoka Italia. Maziwa ya jioni yasiyopozwa hayafiki kesho yakiwa maziwa.

Makambako nayo ilikuwa na bahati ya njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inafika hapo baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero, na barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo hapo. Umeme ukafuata njia hizo. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, urefu wa takribani kilomita 250, ilikamilika, na Songea iliyokuwa ikiishi kwa jenereta za dizeli ikaingia gridi ya taifa. Sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Sweden. Nchi iliyoipa dunia friji ya moto karibu karne moja kabla, ndiyo iliyosaidia kuvuta waya wa kuistaafisha kusini mwa Tanzania.

Hata hivyo waya si dawa ya kila kitu. Mgawo wa umeme ulioikumba nchi mwaka 2006, mwaka 2011 na tena mwishoni mwa 2023 ulimkumbusha kila mwenye friji kwamba gridi nayo hulala. Afueni ilianza Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kuzalisha. Na nyumba iliyo kilomita chache tu kutoka nguzo ya mwisho haitofautiani na kambi ya porini.

Betri iliyofeli ikafundisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa anga za juu wa Marekani, NASA, walishirikiana na watu wa afya kujaribu friji za chanjo za sola katika nchi mbalimbali. Wazo lilikuwa safi: paneli inachaji betri mchana, betri inaendesha kompresa usiku. Hakuna tambi wala masizi.

Tatizo likawa betri. Ya risasi na tindikali hudumu miaka michache tu, na hufa mapema zaidi ikikamuliwa hadi mwisho mara kwa mara. Zahanati ina friji moja, betri zile zile zina taa, redio, na baadaye simu za kijiji kizima. Betri ikifa, fungu la kununua nyingine halipo, na paneli nzima juu ya bati inabaki kuwa pambo.

Mwaka 2001 mashirika kadhaa, yakiwemo Greenpeace, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, yaliungana katika mradi ulioitwa SolarChill kwa lengo moja: kuitoa betri. Badala ya kuhifadhi umeme, friji ihifadhi barafu. Jua likiwepo, paneli inaendesha kompresa moja kwa moja na kompresa inagandisha maji yaliyozunguka kuta za friji. Jua likizama, barafu ile ndiyo inayolinda chanjo. Kampuni ya Sure Chill ya Wales ilipita njia nyingine kufika huko huko, ikitumia tabia ya maji kuwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4. Maji hayo huzama yenyewe, yakazunguka chumba cha chanjo bila kukiacha kigande. Leo friji ya namna hii, ili ikubalike na Shirika la Afya Duniani, hupaswa kukaa angalau siku tatu bila jua ikiwa bado salama. Zile za mafuta ya taa zimeondolewa katika orodha ya vifaa vinavyopendekezwa.

Kwa Njombe teknolojia hii ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Paneli ya sola haitaki joto, inataka mwanga. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza kama asilimia 0.4 ya nguvu yake. Paneli iliyokaa kwenye jua kali na upepo baridi wa Njombe hufanya kazi vizuri kuliko ndugu yake aliyelala juu ya bati la Tandika, Dar es Salaam. Adui wake ni ukungu na mvua za Novemba hadi Aprili.

Friji garini

Msafiri wa leo anaingia hapa. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na sehemu yake iko Makete. Maua yake huchanua wakati wa mvua, kwa hiyo anayekwenda kupiga kambi huenda katika msimu mbaya wa sola. Friji yake ya gari kwa kawaida inatumia kompresa ndogo ya volti 12 au 24. Nyingi zinafuata zile za Danfoss ya Denmark, ambazo tangu mwaka 2010 zinatengenezwa kwa jina la Secop.

Hesabu yake haina uganga. Friji ya lita 40 katika hali ya hewa ya kawaida hula kama ampea-saa 35 kwa siku, sawa na wati-saa 420. Betri ya N100 ina ampea-saa 100, lakini ya tindikali usiivuke nusu. Hapo una siku moja na ushee. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa nne, ukiondoa upotevu, hukupa wati-saa 300 kwa siku. Haitoshi. Ya wati 200 inatosha na kubaki, siku ambayo jua lipo. Siku ya ukungu, washa gari.

Wanaokosea zaidi ni wanaobeba friji ya nyumbani na kuifunga kwenye inveta. Kompresa ya nyumbani ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, inveta inalia, na inveta yenyewe inakula betri hata friji ikiwa imenyamaza. Bado zipo pia friji ndogo za gesi, wajukuu halisi wa von Platen na Munters, na bado zina tabia ya babu yao: zikiegeshwa mteremkoni hazifanyi kazi. Muuguzi wa zamani angekuambia tafuta kipande cha ubao.

Angekuambia na jambo kubwa kuliko hilo. Katika nusu karne ya chanjo, kilichoshinda si betri kubwa wala paneli pana. Kilichoshinda ni barafu. Anayetoka Makambako kwenda porini agandishe chupa za maji usiku kabla ya safari, umeme wa nyumbani ungalipo. Aingize vitu vikiwa vimeshapoa, aijaze friji isiwe na nafasi tupu, aiweke kivulini, na mchana jua likiwa utosini aishushe joto hadi chini ili usiku ipumzike. Usiku wa Njombe wenyewe utamsaidia bila malipo.

Katika stoo za zahanati kongwe huenda bado kuna friji ya tambi, imegeuzwa kabati la makaratasi, na karatasi ya nyuzi bado imebandikwa mlangoni kwa mwandiko wa muuguzi aliyestaafu. Ikikutwa, isipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Halmashauri zinazotafuta historia ya kuonyesha wageni zinayo hapo. Na muuguzi yule, kama angali hai, aulizwe leo jinsi alivyolala miaka yote hiyo akiusikilizia mwali ambao haukupaswa kuzimika.